Ng'ombe Waliofutwa

Kabati la sebuleni kwetu, hapa Riruta, lina kufuli. Mgeni akiliona hudhani tumeficha humo hati ya shamba. Hati ya shamba iko chini ya godoro, na cheti chetu cha ndoa kiko kwenye droo ya runinga pamoja na mishumaa na betri zilizokufa. Ndani ya kabati kulikuwa na kaseti, na wala si za muziki. Zilikuwa kaseti ambazo hazijawahi kurekodiwa kitu chochote, nyingi zingali ndani ya nailoni ya kiwandani yenye kile kiuzi chekundu cha kuchania. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye mshipi wa mume wangu, Baba Neema, na akienda kuoga aliingia nao bafuni.

Ugonjwa huu aliupata soko la Toi. Alikwenda Jumamosi moja kutafuta viatu vya mitumba, akarudi na TDK SA ya dakika 90 ameishika kwa vidole viwili, viatu hakuna. Tangu siku hiyo hana wikendi. Mara yuko Kenyatta Market, ambako James Rugami, maarufu kwa jina la Jimmy, ameuza santuri kuukuu miaka mingi katika kibanda nambari 570. Mara yuko Lavington, kwa kuwa amesikia kuna mgeni anarudi kwao Ulaya na anauza vyombo vya nyumba. Mara anapanda ngazi za maduka ya River Road, anawauliza wenyewe kama stoo haina katoni iliyosahaulika tangu enzi za Moi. Wengine humcheka. Wengine huenda stoo kutazama, na hao ndio wanaoniharibia bajeti.

Somo lenyewe nimefundishwa mezani, ugali ukipoa, kwa hiyo nalijua. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips kule Berlin mwaka 1963, kazi ya Mholanzi Lou Ottens na wenzake. Utepe wake haufiki milimita nne kwa upana, na hupita kwenye hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa pole mno, ndiyo sababu ule unga uliopakwa juu ya plastiki ukiwa hafifu, sauti nayo huwa hafifu. Daraja la kwanza ni la oksidi ya chuma, zile kaseti za kawaida tulizokua nazo sote. La pili liliitwa la kromu, ingawa hiyo SA yake, iliyoanza kuuzwa 1975, haina kromu hata chembe. Ni oksidi ya chuma iliyotiwa kobalti. La tatu lilichanganya oksidi ya chuma na kromu, likafa mapema. La nne ni metali, na hapo Baba Neema hushusha sauti. Anayo TDK MA-R moja, toleo lililoingia sokoni 1979, kiunzi chake kimesubiwa kwa metali na mashavu yake ni ya plastiki inayoonyesha ndani. Bei aliyoinunulia alinitajia nusu yake.

Viwanda vichache vilivyobaki duniani vinatengeneza utepe wa kawaida. Wa metali hautengenezwi tena popote. Kila inayofunguliwa, husema, ni moja imepungua. Kwa hoja hiyo alikuwa hafungui. Ana kaseti za kutosha kurekodi redio mwezi mzima na hajawahi kunasa hata taarifa ya saa moja. Deki aliyoinunua ili kuzitumia hukaa imefunikwa kitambaa cha kochi nilichofuma mimi. Sikuwa na neno. Wapo wanaume wa rika lake ambao wikendi zao nazijua kupitia kwa wake zao, na nikipima naona kaseti ni nafuu.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Butere kutibiwa macho.

Mama hasafiri bila redio yake. Ni redio ya mkono yenye kaseti, mali ya marehemu Mzee, antena imevunjika ikaungwa kwa waya, na iliwahi kuanguka kutoka kwenye kiti cha baiskeli ikavingirika hadi mtaroni. Mzee alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi na mtu wa kumbukumbu. Alirekodi mahubiri, mazishi, matangazo, na kila alipoweza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" cha Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji aliyekianzisha 1966 na aliyetuaga Februari 2025. Kaseti za Mzee zilikuja kwetu kwenye katoni ya sabuni baada ya matanga. Baba Neema alizikagua moja moja, akatangaza kuwa zote ni daraja la kwanza, akazisukuma kwenye droo ya runinga. Ndiyo, pamoja na mishumaa na cheti changu.

Sasa Mama ni mmoja wa viongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwao. Walikuwa na wimbo mpya wa sikukuu ya mavuno, na sauti ya pili ilikuwa inawashinda. Akaona huku Nairobi, akisubiri siku ya daktari, hana shamba wala kuku wa kumsumbua, basi arekodi sauti ya pili polepole, awapelekee wenzake wajifunze. Msinionyeshe simu. Simu ya Mama ni mulika mwizi, na za wenzake ni hizo hizo. Redio ya kaseti, kila kijiji kina moja.

Mimi nilikuwa kibandani kwangu cha kushona kule Kawangware. Baba Neema alikuwa mjini ofisini. Nyumbani alikuwa Neema, yuko likizo, na yaliyotendeka ninayajua kutoka kwake.

"Neema, nipe kaseti tupu."

"Kukhu, zimo kabatini, lakini za baba haziguswi."

"Haziguswi na nani?"

"Na mtu yeyote. Hata yeye."

Mama hakubishana. Akafungua droo. Akatoa TDK D90 yenye lebo ya wino wa buluu: VoK, Dansi, 1984. Akaona hii ni miziki ya redio tu, aliyeipenda ameshakwenda. Vile vibanzi viwili vya mgongoni, vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena, vilikuwa vimevunjwa. Kijana wa leo angekwama hapo. Mama alichukua risiti ya duka, akaikunja mara kadhaa, akaibana kwenye tundu kwa ncha ya biki, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Wimbo ukaingia. Ukaingia tena na tena karibu upande A wote, na katikati unasikia sufuria ya maharagwe ikipiga kelele na Mama akimwambia Neema apunguze moto.

Jioni hakuna aliyejua. Mambo yalilipuka Jumapili, wifi yangu alipopiga simu kutoka Kangemi.

Binti wa wifi anaolewa. Mahari yake iko njiani, na kwetu mahari ya binti haipokelewi kabla ya mahari ya mama yake kukamilika. Ndipo wakwe wa wifi wakasema ya kwao ilikwisha zamani, ng'ombe wote kumi walifika Butere. Kwetu tunasema walifika wanane. Mzee hayupo. Mshenga hayupo. Wazee waliobaki kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu hiyo hubadilika kulingana na mahali alipokula mchana.

Baba Neema akacheka. Sijawahi kumwona akicheka kwa kiburi namna ile. "Mzee alirekodi," akasema. "Mazungumzo yote ya 1991. Iko pale kwenye droo. Imeandikwa VoK, Dansi."

Mnashangaa kwa nini mwalimu wa hisabati aandike dansi juu ya mahari. Hata mimi niliuliza. Katikati ya mwaka 1990 polisi waliwaandama wachuuzi wa kaseti hapa mjini, River Road na kwenye vituo vya matatu, kwa sababu ya nyimbo zilizotajwa kuwa za uchochezi: nyimbo za kubomolewa kwa Muoroto, za kifo cha waziri Robert Ouko, za Matiba na Rubia. Watu walitiwa mbaroni kwa kuuza kaseti. Mzee alikuwa mtumishi wa serikali na mwoga wa heshima. Tangu hapo kila alichorekodi alikirekodi juu ya muziki wa zamani na kuiacha lebo vilevile, ili askari akipekua katoni asome dansi tupu. Sauti ya Kenya, yaani VoK, yenyewe ilikuwa imesharudia jina la KBC mwaka 1989, lakini kwenye katoni ya Mzee VoK iliendelea kutangaza.

Basi Baba Neema akaifunua deki, kwa mara ya kwanza mwaka huo, akaitia ile kaseti, akatualika sote tukae. Mama akiwa na kikombe cha chai. Tukasikia mtu akikohoa, tukasikia kitufe kikibonyezwa. Kisha sauti ya pili ya wimbo wa mavuno.

Neema aliondoka sebuleni bila kuambiwa.

"Mama," Baba Neema akasema, pole pole, "hii kaseti ilikuwa imevunjwa mgongo isifutwe."

"Niliziba na risiti."

"Uliziba na risiti."

"Baba yako ndiye aliyenifundisha kuziba."

"Mama, humu mlikuwa na ng'ombe wawili!"

Mama aliweka kikombe chini. Mwanamke huyu hakupandisha sauti. "Mwanangu, niliomba kaseti tupu katika nyumba yenye kabati zima la kaseti tupu. Nikaambiwa haziguswi. Ya babako umeitupa kwenye droo na mishumaa, zisizo na kitu umezitia kufuli. Mbotela angekuuliza: je, huu ni ungwana?"

Nilikwenda jikoni kucheka. Naomba msamaha kwa marehemu.

Upande B ulikuwa mzima, hilo niseme. Dakika 45 bila doa: sala ya kufungua chakula, mabishano kuhusu nani apewe firigisi, mzee mmoja akisimulia safari ya Kisumu, vijiko, vijiko, vijiko. Ng'ombe walikuwa upande A.

Siku iliyofuata Baba Neema aliomba ruhusa kazini, akaniomba nifuatane naye Luthuli Avenue. Wanaoijua Luthuli ya zamani hawaitambui leo, tangu kaunti ilipopanua njia za waenda kwa miguu na kupunguza magari, lakini mafundi wangali juu ghorofani, kwenye vyumba ambavyo huwezi kugeuka bila kuangusha spika. Tulikwenda kwa fundi mmoja aliyezeeka na redio. Deki tuliibeba kwenye matatu ikiwa imefungwa kwenye leso yangu, na tuliilipia nauli ya mtu mzima.

Fundi alisikiliza dakika mbili, akauliza swali moja tu: "Mzee wangu, huyu mama alirekodi na mashine gani?"

Baba Neema akamweleza redio, antena ya waya, baiskeli, mtaro.

"Basi ungemshukuru," akasema.

Kinachotokea ni hiki. Redio ikirekodi, utepe hupita kwanza kwenye hedi ya kufuta, kisha kwenye hedi ya kurekodi. Zikikaa sawa, cha zamani kinafutika chote. Lakini redio ya Mzee ilipoanguka, bati linaloshika hedi lilipinda kidogo. Kipimo chake ni kama ukucha uliokatwa, ila kwenye njia ya sauti yenye upana wa milimita moja na nusu huo ni uwanja mkubwa. Wimbo wa Mama uliandikwa ukiwa umejongea ndani, na kule ukingoni kabisa ukabaki ukanda mwembamba ambao haukuguswa. Deki ya stereo husoma sauti ya kushoto kwenye ukingo huo, na ya kulia ndani zaidi. Fundi akaipangusa hedi kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka rangi ya kahawia. Akazima upande wa kulia. Akashika bisibisi nyembamba, akazungusha skrubu ndogo iliyo kando ya hedi, robo kwa robo, jicho lake kwenye sakafu.

Mama alikuwa bado anaimba. Chini yake, mbali, kulikuwa na wanaume wakizungumza.

Baba Neema akashika meza. Angalia kejeli iliyoko hapo: kama Mama angeifunua hii deki nzuri, akarekodi nayo juu ya kaseti hiyo, Mzee angefutika asibaki hata kikohozi.

Fundi alisema utepe ule umechoka na unamwaga unga, usichezwe ovyo. Uhamishwe sasa hivi kwenye kitu kizuri. Neema alikuwa amenipa simu yake nirekodi, nami nikarekodi. Lakini Baba Neema alijua wazee wa Kangemi. Siku hizi hata kijana wa duka la M-Pesa anajua kompyuta inaweza kumsemesha marehemu. Ukiwapelekea sauti kwenye simu watakuuliza ni nani aliyeitengeneza. Wanachokiamini ni kaseti, kitu kinachozunguka wakikitazama.

"Una kaseti nzuri?" fundi akauliza.

Mume wangu alifungua mkoba. Alikuwa ameibeba SA ya Toi, ile ya kwanza. Sikumwambia aibebe. Aliigeuza akaisoma mgongo kama anaiaga, kisha akavuta kile kiuzi chekundu. Nailoni ikatoa mlio mdogo mkavu. Fundi, ambaye hakujua anashuhudia nini, aliinyakua, akaizungusha kwa biki mpaka ile sehemu ya mwanzo isiyorekodika ikapita na utepe mweusi ukatokea, akaiweka kwenye mashine ya pili. Saa nzima na nusu tulikaa pale. Ilipokwisha Baba Neema alivunja vibanzi vyote viwili kwa mkono wake, akaandika lebo kwa herufi kubwa, MAHARI 1991, bila dansi.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua, akamwambia Mama achague yoyote. Mama, ambaye macho yake yalishaanza kupona, akachagua inayong'aa. Ilikuwa ya metali. Baba Neema alimeza mate, lakini akampa. Mama akairekodia wimbo wake upya kwenye redio ya Mzee, akacheza, na kwaya ikatoka kama nyuki ndani ya kopo. Metali huhitaji mashine yenye nguvu ya kuisukuma, na redio ile haina nguvu hizo. Haiwezi hata kuifuta sawasawa. Mama hakutaka kuelezwa. "Hii kaseti yako ya bei ni mbovu," akasema, akamrudishia. "Nitafutie ya kawaida." Nikamnunulia mimi, mjini, ya kawaida. Sauti ya pili imefika Butere salama.

Ukaja mkutano. Wazee wa Kangemi walikaa kwenye makochi yangu, wakala, wakasifu chapati, wakasema habari ya ng'ombe kumi. Baba Neema akabonyeza. Alikuwa amewaonya kwamba watasikia mama akiimba na wasimjali. Mama mwenyewe alikaa wima pembeni, na nilimwona akifuata wimbo kwa kidole. Chini ya wimbo sauti za 1991 zilipanda na kushuka. Tukamsikia Mzee akihesabu kwa lafudhi ya darasani, moja, mbili, mpaka nane. Kisha sauti nyingine, nzito, ikasema wawili waliobaki wataletwa baada ya mavuno.

Mzee mmoja wa upande wao, ndugu mkubwa wa marehemu baba mkwe wa wifi, akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akaomba tena. Akaegemea fimbo akacheka mpaka akatoa machozi, maana ile sauti nzito ilikuwa yake.

"Nilisema," akakiri. "Lakini sikusema mavuno ya mwaka gani."

Binti wa wifi ameolewa. Kabati bado lina kufuli, ila ufunguo unakaa juu yake, na zile kaseti za Mzee ndizo zilizo ndani. Ng'ombe mmoja aliletwa Butere mwezi Desemba, jike jekundu lenye pembe fupi. Wa pili tumeambiwa tungoje mavuno.